Ncha ya Magharibi Haijapimwa

Mgeni alipiga hodi upande ambao haukuwa na mlango.

Zawena alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya bibi yake, chanuo mdomoni, vidole vyote ndani ya mvi. Nusu ya kichwa cha Bi Mosi ilikuwa imeshasukwa mistari myembamba, iliyolala vizuri kama shamba la mtu mwenye subira. Nusu ya pili ilikuwa bado imesimama, imetimka, ikipokea jua la asubuhi kila upande.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," Bi Mosi akaitika kabla mjukuu wake hajatoa chanuo mdomoni. "Lakini zunguka, baba. Hapo unazungumza na ukuta."

Zawena aliacha kusuka. Sauti ilikuwa imetoka magharibi, na magharibi hakukuwa na watu. Kulikuwa na barabara, kisha miiba, kisha hakuna aliyejua.

Mji ule ulikuwa barabara moja tu, iliyonyooka, yenye ncha mbili. Katikati yake palikuwa na ua wa Bi Mosi, na chini ya mkeka wa Bi Mosi vilizikwa vitovu vya kila aliyezaliwa mjini. Hapo ndipo mtu alipohesabiwa kuanzia. Kwani watu wa mji ule walijua jambo ambalo watu wa miji mingine hulisahau: kwamba mtu si kitu kimoja. Mtu ni jumla. Ni kipande, ukaongeza kipande, ukaongeza kingine, na vipande haviishi. Swali lao, lile walilolala nalo na kuamka nalo, lilikuwa hili: niende mbali kiasi gani na pale nilipoanzia, na bado vipande vyangu vijumlike viwe mimi? Maana umbali una tabia yake. Kipande cha kwanza haukigusi. Cha pili hukigusa mara moja, cha tatu mara mbili, cha nne mara tatu, na kila ukigusa unazidisha. Ukiwa karibu na nyumbani, kule kuzidishwa kunapunguza: vipande vya mwishomwisho vinakuwa vumbi laini, vinatua, mtu anatulia. Ukizidi kwenda, kuzidishwa kunakuza, vipande vinavimba kimoja baada ya kingine, na mtu anafumuka kama mto wa sufi uliochanwa. Kati ya hapa na pale kuna kipimo. Wakakiita nusukipenyo cha mtu, na wakaweka wapimaji.

Zawena alikuwa mpimaji. Alikuwa amehitimu msimu uliopita, au msimu ujao. Mjini kwao haikuwa na tofauti. Ndani ya nusukipenyo, vipande vinaweza kujumlishwa kwa mpangilio wowote na jumla ikabaki ileile, kwa hiyo watu walizichukua siku zao zilivyokuja. Ukiamka ukakuta Ijumaa ya utoto wako imekaa mlangoni, unaivaa, unakwenda kucheza, jioni unarudi kwenye uzee wako bila kupoteza kitu. Mwalimu Kiwia, aliyemfundisha Zawena kazi, alikuwa ameshastaafu mara kadhaa na bado alikuwa hajaanza kazi.

Mgeni alizunguka ukuta akaingia uani. Alikuwa mtu mrefu, kanzu yake imejaa miiba kuanzia mabegani hadi pindoni, na hakuwa na mkwaruzo hata mmoja mwilini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mke mwenzangu, mpe mgeni maji." Bi Mosi hakumwita mjukuu wake jina lingine tangu azaliwe. "Na wewe nani, unayepita kwenye miiba kama anayepita kwenye pazia?"

"Naitwa Farjala. Samahani kwa kuwakatiza. Naona kichwa hakijaisha."

"Kichwa kitasubiri. Kaa."

Zawena alimpa maji, kisha akafanya kile alichofundishwa kumfanyia kila anayetoka nje ya miiba. Alichuchumaa mbele yake. "Kaka Farjala, nitakupima, usione vibaya. Nipe kipande chako kikubwa."

"Nilizaliwa."

"Kinachofuata?"

"Nilimpenda mtu."

"Ukilinganisha na kuzaliwa?"

Farjala alifikiri. "Nusu yake."

"Kinachofuata?"

"Nilimzika. Ukilinganisha na kumpenda, theluthi. Kisha nikaipenda barabara, robo ya hapo. Kisha nikawa na kikohozi."

Bi Mosi alicheka mpaka mistari ya kichwani ikacheza. "Mwanamume huyu! Amemzika mtu, kisha kikohozi!"

Lakini Zawena hakucheka. Alikuwa akilinganisha kila kipande na kilichokitangulia, kama wapimaji wanavyofanya. Uwiano wa vipande vyake ulikuwa unashuka, unashuka, unakwenda kuwa si kitu. Mtu wa namna hii umbali wowote ukimzidisha, kupungua kwake kunaushinda. Alikuwa amesikia habari zao tu. "Huna mpaka," alisema taratibu. "Unaweza kwenda popote ukabaki wewe."

"Ndivyo. Popote ni palepale. Si raha kama unavyodhani, dada." Akanywa maji. "Nimeleta salamu. Kule ukingoni, upande wa magharibi, kuna mwanamke. Aliposikia naja huku aliniambia: mwambie mama, Mwanaheri anamsalimu. Na mwambie mwanangu, kama bado ananikumbuka, ajue kwamba sikufumuka."

Kikombe hakikuanguka, wala hakuna aliyepiga kelele. Kuku mmoja tu alipita katikati ya ua, akaangalia watu, akaendelea na shughuli zake.

Mwanaheri alikuwa mama yake Zawena. Alikuwa ametembea kuelekea magharibi siku moja ambayo Zawena hakuwahi kuivaa tena, ingawa kila asubuhi aliitafuta mlangoni. Wapimaji walisema amefika mpakani na amefumuka. Watu wakalia, wakaongeza miiba.

Zawena alimtazama bibi yake. Bi Mosi alikuwa na nusukipenyo cha sifuri, wa pekee mjini. Huzuni zake zilikuja kila moja ikiwa kubwa kuliko iliyotangulia, na iliyofuata ikiwa kubwa zaidi kwa mara nyingi zaidi, mpaka hakukuwa na umbali mdogo kiasi cha kuzituliza. Hata upana wa kidole ulikuwa mkubwa mno. Lakini pale kwenye mkeka, juu ya kitovu chenyewe, umbali ni sifuri, na kila kipande kikiguswa na sifuri hunyamaza, isipokuwa kile cha kwanza kisichoguswa. Kwa hiyo bibi wa mkekani alikuwa yule msichana wa mwanzo: mcheshi, mwepesi, mwenye masihara.

"Nikitoa kidole cha mguu nje ya mkeka," Bi Mosi alisema, akikitazama kidole hicho kama kitoto kitundu, "namsikia Mwanaheri akiniita. Nakirudisha haraka. Siwezi kwenda, mke mwenzangu. Unajua siwezi."

"Nitakwenda mimi."

"Na kichwa changu? Uniache hivi, upande mmoja bibi harusi, upande mmoja kichaa?"

Zawena aliinama akaishika ile nusu isiyosukwa kwa viganja viwili. "Nitarudi nimalizie. Leo hii hii, kabla jua halijatua."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi, bibi."

Ilikuwa ahadi ndogo. Ahadi za namna hiyo hutolewa kila siku na watu wanaokwenda sokoni.

*

Mwalimu Kiwia aliwakuta Zawena na Farjala mbele ya miiba, kwa sababu habari za mgeni zilikuwa zimefika kwake kesho yake. Alikuja anatweta, kofia mkononi.

"Wewe binti! Wewe niliyekufundisha kwa kinywa changu! Nani alikuambia miiba ni mapambo?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, na usinilainishe. Uwiano wa ukoo wenu unakwenda wapi?"

"Kwenye moja, Mwalimu. Nusu, theluthi, robo, humusi ya kile cha kwanza. Kila kipande kinakaribiana na kilichotangulia mpaka hutofautishi. Nusukipenyo ni mwendo mmoja kamili, kutoka mkekani hadi hapa."

"Na hapa ni nini?"

"Ni mpaka."

"Na mpakani uwiano unasema nini?"

"Mpakani uwiano ni moja. Moja haisemi ndiyo, haisemi hapana. Haisemi kitu." Zawena aliigeukia miiba. "Ndiyo maana nakuuliza, Mwalimu. Ncha ya magharibi nani aliipima?"

Kiwia alikuwa mtu mwema, na watu wema huchelewa kusema uongo. Kila mtoto mjini alijua habari ya mpimaji wa kwanza, aliyekwenda kusimama kwenye ncha ya mashariki. Ardhi ya ukingoni ndiyo inayomjumlisha mtu: alipokanyaga tu, ikamchukua hatua nzima kwenda nje, kisha nusu hatua kwenda nje, kisha theluthi kwenda nje, kisha robo. Waliokuwa wakimtazama walitulia, wakasema hatua zinapungua, atasimama. Hatua zikapungua hadi unene wa kucha, hadi unene wa unywele, na hakusimama. Aliendelea kwenda, polepole kuliko kivuli, hadi akapita kila mahali ambapo mtu angesema amefika. Waliporudi walifunga mashariki kwa miiba. Na kwa kuwa nusukipenyo ni kimoja, na umbali ni uleule kushoto na kulia, mchana huohuo wakafunga na magharibi. Hakuna aliyeona haja ya kwenda kuangalia.

"Tulidhani," Kiwia alisema, "kwamba ncha ni ncha."

"Nusukipenyo ni kimoja, Mwalimu. Ncha ni mbili."

Farjala, aliyekuwa akichomoa mwiba kwenye mkono wa kanzu, alisema, "Yule mama anasubiri."

Kiwia alivaa kofia, akaivua tena. "Miiba hii hujifunga ikishapitwa. Huyu mwenzetu hana mpaka, kwake ni sawa. Wewe ukiingia, utarudije?" Hakungoja jibu. Aliingiza mikono yake miwili kwenye miiba, akaipanua, akauma meno. "Pita. Pita upesi, na usinitazame. Nimeshastaafu, sina kazi nyingine. Nitaishikilia."

*

Je, ukingo ni wa ndani au wa nje? Zawena alijiuliza akiwa ameinua mguu. Nikisimama juu ya mstari wenyewe, mimi ni wa wapi? Kila mtu anajua kukaa ndani. Kila mtu anaogopa nje. Huu ulio mwembamba kuliko uzi, usio na upana wa kuweka hata unyayo, nani ameuwekea sheria? Labda hauna sheria. Labda kila ukingo ni wa kuulizwa wenyewe, kwa jina lake, na mtu aliyekuja kwa miguu yake. Mama. Nakuja. Kama nitafumuka, basi angalau sikusimuliwa.

Akakanyaga.

Ardhi ilimchukua hatua nzima kwenda nje, moyo ukampaa. Kisha, kwa upole, ikamrudisha nusu hatua ndani. Maana umbali wa magharibi, kila unapogusa, hugeuza uso. Theluthi kwenda nje. Robo kurudi. Humusi kwenda nje. Sudusi kurudi. Alikuwa akibembelezwa. Nje na ndani, nje na ndani, kila mara kidogo zaidi, kama mtoto mgongoni kwa mtu anayemtuliza huku mwenyewe akisinzia. Na kati ya kwenda na kurudi kulianza kuonekana mahali, zaidi kidogo ya theluthi mbili za hatua, ambapo yote yale yalikuwa yakielekea.

Mahali hapo alikuwa amesimama mwanamke, akitikisika kidogo sana, kiasi cha jani lisilo na upepo.

"Umekuwa mrefu," alisema Mwanaheri.

"Umekuwa mfupi," alisema Zawena, na wote wawili wakacheka, na kicheko kikageuka kilio, kama kinavyogeuka.

Walishikana. Mtikisiko wa mmoja ulikuwa mkubwa na wa mwingine mdogo, ikawachukua muda kupatana. Mwanaheri alimkalisha binti yake chini, akaanza kumpapasa kichwani bila kuuliza, kama akina mama wanavyoanza. "Nani aliyekusuka hivi? Mistari inaishia hewani."

"Najisuka mwenyewe. Nilijifunza kwa majirani."

"Majirani!" Alifumua mstari mmoja, akausuka upya, na alipofika mwisho akaigeuza ncha, akaizungusha chini ya sikio la kushoto, akaificha huko. "Hivi. Ncha usiiache inaning'inia. Irudishe ndani, ilale. Fanya wewe nione."

Zawena alifanya kwenye mstari wa pili. Mama akapiga ulimi. "Geuza mapema zaidi. Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Kwa nini hukurudi, mama?"

"Nilikuja kuona tu. Nikakuta pananituliza. Niliposikia mnalia, miiba ilikuwa imeshafungwa." Mikono yake haikuacha kazi. "Na kuna jambo jingine, lazima nikwambie. Huko nyumbani siku mnazipanga mnavyotaka, jumla haibadiliki. Hapa sivyo. Hapa tunatulia kwa sababu ya utaratibu: moja nje, moja ndani. Ukiuvuruga, unapata jumla nyingine, mtu mwingine kidogo. Kaa nami, hatua zako zitapungua mpaka zifike zangu. Sitakuwa tena salamu ya mgeni."

Zawena aliegemea magoti ya mama yake. Alitamani kukaa kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Alimtazama usoni, akaanza kujifunza ule uso: kovu dogo juu ya nyusi, jicho moja linalocheka kabla ya jingine. Hii ndiyo siku niliyokuwa nikiitafuta mlangoni, alifikiri. Haikuja kwa sababu ilikuwa huku.

Jua lilikuwa limeanza kuinama.

"Nimemwacha bibi na kichwa nusu," alisema.

Mikono ya Mwanaheri iliacha kazi. Kisha akacheka kile kicheko cha mkekani, cha msichana. "Upande gani?"

"Wa kushoto haujasukwa."

"Anakusubiri akisema kila anayepita amtazame upande wa kulia. Namjua."

"Nilimwahidi, mama."

"Kwa mwendo huu wa nje na ndani hufiki kwake kamwe. Mwendo huu unafika hapa tu." Mwanaheri alishika kidevu cha binti yake. "Itabidi uchukue hatua za kurudi peke yake. Nusu, robo, sudusi, thumni, zote za ndani, bila hata moja ya nje. Ni ndogo, lakini ukizifuatanisha hazina kikomo, zitakufikisha. Ila zile za nje utaziacha huku nami. Na ndizo ulizonijia nazo. Unanielewa?"

"Nitakusahau?"

"Utajua nipo. Uso, sijui. Sauti, sijui."

Zawena alimtazama tena mama yake, kwa muda mrefu, ingawa alijua kutazama hakusaidii. Kisha akasema, "Bibi anakusalimu. Anakusikia akitoa kidole nje ya mkeka."

"Mwambie asikitoe. Nenda, mwanangu. Jua."

Akaenda. Nusu hatua, robo, sudusi. Katika robo aliacha kovu la juu ya nyusi. Katika sudusi aliliacha jicho linalocheka kwanza. Katika thumni, sauti. Alilia na hakusimama, hatua zikawa ndogo kama punje na hakusimama, na nyuma yake mtu fulani alikuwa akimpungia mkono, mtu ambaye alimpenda sana.

*

Mwalimu Kiwia alikuwa bado ameshikilia. Mikono yake ilikuwa imechanika hadi viwikoni, na kofia ilikuwa imeanguka. Farjala alikuwa amekaa kando akimsimulia habari za miji asiyoiamini.

"Umerudi mzima?" Kiwia aliuliza.

"Nimerudi."

"Panatuliza?"

"Panatuliza, Mwalimu. Kwa utaratibu wake."

"Ulimwona? Yukoje?"

Zawena alitafuta, akakuta nafasi safi, kama ukutani palipokuwa na picha. "Yupo," alisema. "Yukoje, sijui."

Mzee yule, badala ya kuachia miiba ijifunge, akaanza kuing'oa, shina baada ya shina, akiguna na kulaumu waliofundisha wapimaji, akisahau kwamba ni yeye. "Mashariki tunaacha," alisema. "Huku tunasimamisha nguzo. Nguzo iliyonyooka, ya kuegemea. Wewe nenda, unatazama nini? Una kazi."

Jua lilikuwa juu ya ukuta wa ua, limebaki kipande. Bi Mosi alikuwa amekaa vilevile, amegeuza uso ili barabara ione upande wa kulia.

"Mke mwenzangu! Nimedharauliwa na kuku mchana kutwa!"

"Nisamehe, bibi." Zawena alivuta kigoda, akaweka chanuo mdomoni. Alijua tu kwamba mama yupo; uso, sauti na maneno yake aliviacha magharibi. Safari yote ilikuwa imebaki mvua ya kifuani isiyo na wingu. Aligawa nywele, akasuka. Mstari, mstari, mstari, mwanga ukipungua. Alipofika wa mwisho vidole vyake viliigeuza ncha mapema, vikaizungusha chini ya sikio la kushoto, vikaificha huko, ilale.

Bi Mosi aliinua mkono. Akaupapasa ule mstari tangu utosini hadi sikioni, polepole, kisha akaurudia.

"Huu mgeuzo," alisema, "nani amekuonyesha?"

Zawena alitoa chanuo mdomoni. "Sijui, bibi."

Mkono wa Bi Mosi ulibaki pale chini ya sikio. Ndani ya mkeka, kidole cha mguu kilijikunja, kikatulia.

"Basi," alisema, "mimi najua."